Tulipoziba Matundu ya Hewa

Kiyoyozi cha nyumbani kwangu kinafanya kazi vizuri. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wakimsikia mtu wa makamo akilalamikia mashine, hudhani mashine imeharibika. Haikuharibika. Hewa inayotoka mle ni baridi, ni kavu, haina vumbi wala moshi, na mtu niliyemnunulia alipona kifua. Hapo ndipo lilipo lalamiko langu.

Tunakaa Malindi, katika nyumba iliyojengwa na mtu aliyeogopa joto kuliko wezi. Juu ya kila ukuta, hata kuta za ndani, aliacha safu ya matundu ya hewa, kila moja la kupitisha ngumi. Upepo ukiingia sebuleni huzuru vyumba vyote kabla ya kutoka, na habari huenda nao. Mimi na mke wangu tulizoea kugombana kwa kunong'ona, jambo linalochosha kuliko ugomvi wenyewe.

Mama mkwe alipokuja kukaa nasi kwa ajili ya matibabu ya kifua, tulimpa chumba kilichopakana na kile ninachokiita ofisi. Ofisi yenyewe ina meza, vitabu vya enzi za chuo kikuu nisivyovifungua, na kiti ninachosinzilia. Chumba chake ndicho kilichokuwa bora nyumbani, na tangu siku aliyoingia sikukanyaga kizingiti chake. Mkwe ni mkwe. Kwetu Rabai, babu yangu akimwona mama mkwe wake njiani alikuwa akiingia kichakani, hata kama kichaka kina miiba. Kwa watu wa mke wangu, waliotoka visiwa vya kaskazini, kichaka hakuna, lakini yako macho ya kuinamisha na maneno ya kupima. Tulipokutana ukumbini tulisema haya, asubuhi na jioni:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Waonaje hali?"

"Njema, mama. Kifua?"

"Alhamdulillahi."

Kisha kila mmoja akajibanza ukutani ili mwenzake apite.

Alasiri moja, mke wangu akiwa bado shuleni anakofundisha, nilikuwa nikijisomea kwa sauti makala niliyokuwa nikiandika. Ni tabia niliyoipata chuoni, na hakuna aliyewahi kunishukuru kwayo. Nilifika mahali nilipoandika kwamba bahari ilikuwa ikilia. Kikasikika kikohozi kifupi, cha adabu, mfano wa hodi. Kisha sauti ikatoka matunduni, juu ya kabati.

"We wa ng'ambo! Bahari yalia ina nini?"

Nikalitazama kabati. Sikujua kama mkwe hujibiwa kupitia ukutani.

"Nimezaliwa kisiwani," sauti ikaendelea, "sijaisikia ikilia. Yanguruma. Pengine yakoroma. Kulia, walia watu."

"Nimeifuta, mama."

"Mama yuko chumbani, amelala. Huku ni ng'ambo."

Basi tukawa na mapatano bila kupatana. Kila alasiri kilikuja kile kikohozi, kisha "We wa ng'ambo!", na mimi huitika. Ukumbini tulibaki wakwe, macho chini. Ukutani tulikuwa watu wawili wanaopiga soga. Aliniuliza naandika nini yeo, kama waitavyo leo kwao, na nikimsomea alinikatiza. Siku nyingine alisema, "Yeo umekoroma mpaka adhana. Makala hayo yatakuwa mazuri, umeyalalia vya kutosha." Nilimwambia jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu, kwamba naogopa nimekuwa mtu wa kutengeneza maneno mazuri yasiyo na kazi. "Hata marashi hayana kazi," akasema, "na watu wanunua."

Lakini kifua kilizidi. Jirani wa nyuma alianza kuchoma makumbi ya nazi kufukuza mbu, na moshi ukaingia kwa dirisha la ofisi, ukapita matunduni, ukamkuta kitandani. Kikohozi kilichokuwa hodi kikawa mgeni asiyeondoka. Daktari akasema aepushwe na moshi, vumbi na unyevu, chumba kifungwe. Nami nikafanya wafanyavyo wasomi. Nilisoma usiku kucha habari za hewa ya ndani ya nyumba, ukungu wa kutani, chembe za moshi zisizoonekana kwa macho, kisha nikamhutubia mke wangu jikoni akiwa anakuna nazi. Alipomaliza kukuna akasema, "Kwa hivyo tununue kiyoyozi." Tukanunua.

Siku moja kabla ya fundi kuja, mama alinianzia hadithi ya friji. Marehemu mumewe aliinunua Mombasa akaivusha mpaka kisiwani wakati stima, yaani umeme, haijafika huko. Alisema stima ikija isimkute mikono mitupu. Friji ikawekwa sebuleni, ikatiwa shuka na nguo za Idi. Majirani walikuja kuitazama. Watoto waliufungua mlango wake ili wausikie ukibusu unapofungwa.

"Halafu nguzo zikaanza kuingia mjini," ikasema sauti ya ng'ambo. "Babake watoto hakulala. Akatoa nguo zote, akaipangusa, akaita mtaa mzima, akaushika waya hivi..."

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mke wangu alikuwa amerudi.

"Salio kesho," ikanong'ona.

Kesho yake fundi alipanda ngazi, akayatazama matundu, akacheka. "Mzee, haya yasipozibwa utakuwa wapoza mji mzima. Na moshi wa jirani yako utaingia papa hapa."

"Yazibwe basi," akasema mke wangu. "Kwani yana kazi gani?"

Wote wakanitazama mimi mwenye ofisi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, leso imefunika kichwa, macho sakafuni. Jibu nilikuwa nalo. Lakini kusema kwamba tunazungumza ni kusema kwamba mimi na mkwe wangu tunapiga soga kila alasiri nyumba ikiwa tupu, kwamba yeye huniita mvivu nami hucheka. Ng'ambo isingestahimili kutajwa mbele za watu. Nikajiambia, atasema mwenyewe. Yeye ndiye mkubwa na chumba ni chake. Akisema tu "acheni", nani wa kumwuliza?

"Mama, waonaje?" akauliza mke wangu.

"Mwulizeni mwenye nyumba."

"Mimi sina neno," nikasema. "Atakavyo mama."

Alikawia kidogo, kama anayempisha mtu mlangoni. "Basi zibeni," akasema. "Mimi sina haja nayo."

Tulishindana kwa adabu, na adabu ikatushinda sote wawili. Fundi akachanganya simiti.

Baada ya siku chache kikohozi kilikwisha. Mama akalala usiku mzima, akapata hamu ya kula, uso ukarudiwa na rangi yake. Mke wangu alinisifu mbele ya wageni, nami nikapokea sifa hizo. Alasiri niliketi mezani nikisikiliza ukuta ukivuma kama mzinga wa nyuki. Utaniambia zipo simu. Lakini katika simu yangu nambari ile imeandikwa "Mama", na apokeaye ni mama. Nilipojaribu mara moja tuliulizana hali kwa heshima zote, tukatakiana afya njema, na kati yetu palikuwa na ukuta mmoja tu.

Siku moja nikagonga ukuta kwa kalamu, polepole. Jioni nikamsikia ukumbini akimwambia bintiye, "Mna panya katika ukuta ule. Panya mkubwa. Aonekana hana kazi." Mke wangu akaleta mtego akauweka chini ya meza yangu. Mpaka sasa sijui kama mama alikuwa akiniarifu kwamba amenisikia, au kama kweli aliogopa panya. Mtego ulifanya kazi. Uliponasa kidole changu cha mguu nilipiga ukelele, na kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kikivuma, hakuna aliyeusikia.

Mama alipotimiza miezi kadhaa bila kukohoa akasema amepona, aende Kilifi, Kibarani, kwa binti yake wa pili, akawaone wajukuu. Mke wangu alimsihi. Nyumba ile ya mabati, alisema, kuta hazifiki juu, vumbi la barabara lote laingia. Mama akafunga mzigo wake. Kwenye gari alinigeukia, akasema kwa sauti ile ya ukumbini.

"Baba, ahsante kwa baridi."

Nikainamisha macho, kama ipasavyo.

Haikupita muda, dada yake mke wangu akapiga simu. Kikohozi kimerudi, na si hilo tu. "Mama siku hizi aongea peke yake. Kila alasiri akohoa, halafu aita watu wa ng'ambo. Na hapa hata bahari haionekani! Twafikiri tumpeleke akatazamwe kichwa."

Mke wangu alikaa kitandani akilia. Ilinibidi niseme. Nikasema yote, bahari iliyolia, marashi, friji, panya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lililonitia hofu.

"Na siku ile nilipouliza yana kazi gani?"

"Nilisema sina neno."

"Na yeye akasema hana haja nayo."

"Ilikuwa heshima."

"Heshima ya simiti," akasema, akajifuta macho.

Nikampigia mwenzangu wa Kibarani, mkwe kama mimi, mwalimu wa hesabu na mtu mwema. Nikamwomba: akikohoa, akisema "We wa ng'ambo", amwitikie.

"Nimwitikie nini?"

"Chochote. Mwulize habari ya friji."

"Friji gani?"

"Mwulize tu, ndugu yangu."

Nilipokata simu nilijiona kama mtu aliyemwelekeza mwingine mahali anapoficha ufunguo. Kesho yake akanipigia. Alikuwa ameitika, kama nilivyomfundisha, na friji akaiulizia.

"Akakohoa tena," akasema, "kisha akasema, 'Si wewe.' Basi. Tangu hapo hajaita mtu."

Kwa hivyo sasa mama haongei peke yake. Dada mtu amefurahi, asema amepona na kichwa pia.

Nimeazima patasi na nyundo. Nimezibua tundu moja, lile la pembeni juu ya kabati, kwa kuwa kifua chake ni kweli na moshi wa jirani ni kweli, na daktari hakusema uongo. Yote sikuthubutu. Mke wangu alimwambia mama kwenye simu kwamba kuna panya ametoboa ukuta. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia kicheko upande wa pili, kikakatizwa na kikohozi kirefu kilichonifanya nitazame pembeni.

"Asemaje?" nikauliza.

"Asema huyo panya kachelewa kuanza kazi."

"Na kuja?"

"Hakusema."

Siku hizi alasiri nasoma kwa sauti, nimeelekea tundu lile. Chumba cha pili ni kitupu, kitanda kimetandikwa, kiyoyozi kimezimwa, na ukutani chini ya dirisha ukungu umeanza kuota, wa kijani, kama ulivyoelezwa katika yale niliyosoma. Mara nyingine nakohoa kidogo kabla ya kuanza. Mke wangu asema ni vumbi la simiti, nifunge mdomo nikichokonoa kuta. Huenda. Ila sijui mpaka leo, siku ile waya uliposhikwa huku mtaa mzima umejaa sebuleni, kama friji iliwaka au haikuwaka.