Fundi Celina na kipande cha bati kilichopotea

Jua limeshapanda Kianjai, na Celina Kaari ana mdomoni mrija mwembamba wa mpira uliounganishwa na injini. Anavuta hewa kwa nguvu, anauziba mpira kwa ncha ya ulimi, anasikiliza. Ndani ya injini ya pikapu nyeupe, vali inafunguka. Anaachilia. Vali sasa inapaswa kujifunga kwa mlio mdogo. Mlio hauji.

"Imekwama wazi," anasema, akitema mate yenye ladha ya moshi.

Hiyo ni vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili uchomwe tena. Ikikwama wazi, injini inakosa hewa safi. Gari linafuka moshi mweusi mlimani, na likipunguza mwendo linazima. Likizima, usukani unakuwa mzito na breki zinagoma.

Ndivyo ilivyomkuta mwenye pikapu, Yasser, muuza nyama wa soko hili, juzi akiteremka kutoka Maua.

"Nilikanyaga klachi nibadilishe gia, ikanyamaza," anasimulia. "Breki nayo ngumu kama ukuta. Nilisimamia ndani ya mahindi ya wenyewe."

Mchana wa leo anapaswa kumpeleka mamake, Rahema, hadi Embu, ambako kesho atapasuliwa jicho. Njiani kuna mteremko wa daraja la Nithi, ambao hata madereva wazoefu huushuka wakiwa wameacha kuongea.

"Fundi, ziba tu twende," Yasser anahimiza. "Si kila mtu anaziba?"

Ni kweli, wengi huziba. Hukata bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, wakalibana kwenye njia ya moshi, na gari likapata nguvu siku hiyo hiyo. Celina anaing'oa vali na kukuta hii ilishazibwa. Bati limeungua katikati. Moshi umevisukuma vipande mbele, na kimoja kimeingia chini ya vali kikaizuia kufunga.

Anavipanga juu ya gazeti kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika. Duara halikamiliki. Kuna pengo la ukubwa wa ukucha.

Mikono yake inasimama.

"Hicho kiliungua kikaisha," anasema Yasser.

"Na kama hakijaisha, Yasser? Injini ikikimeza mkiwa pale Nithi?"

"Utanichelewesha! Niipeleke kwa fundi mwingine?"

Kutoka kiti cha mbele, Rahema, kitambaa juu ya jicho bovu, anamkata kauli. "Wewe hugusi mzoga wa ng'ombe, mbona wataka kunipakia kwenye mzoga wa gari? Mwache mama wa watu atafute."

Yasser anaketi juu ya tairi kuukuu.

Celina, mwenye umri wa miaka 34, alizaliwa Kanja, Embu. Alifika Nchiru, si mbali na hapa Kianjai, akiuza chai kwa mafundi, hadi mmoja wao, Riungu, alipomsikia akitaja ugonjwa wa gari kwa mlio tu. Akamwekea spana mkononi. Leo ana kibanda chake mwenyewe, na siku mbovu haingizi hata shilingi mia tatu. Kumpoteza mteja ni kulala bila mboga.

Lakini njaa siyo inayomtia hofu. "Watu wanadhani fundi analala," anasema, akifungua bomba la kuingizia hewa. "Gari likitoka hapa, mimi huliona usiku kucha likiteremka. Naliona likizima."

Anaingiza kidole ndani ya masizi mazito kama uji wa wimbi. Anapapasa. Hakuna kitu. Anaingiza tena, hadi kifundo cha mwisho, macho ameyafumba. Jasho linamdondoka puani.

Kidole kinachomoka na kipande cheusi, kimekunjika. Anakifuta, anakiweka gazetini. Pengo linajaa.

"Alhamdulillahi," Rahema ananong'ona, ingawa haoni vizuri kilichopatikana.

Celina anaisugua vali kwa mswaki na dawa ya kusafishia kabureta, anavuta mpira tena, na safari hii mlio unakuja. Anaweka gaskiti mpya ya kuzuia moshi usivuje. Kisha anaketi kwenye usukani yeye mwenyewe, anaipeleka pikapu kwenye mteremko, na katikati anakanyaga klachi makusudi. Injini inashuka sauti, inayumba kidogo, inaendelea kunguruma.

Pikapu inaondoka. Celina hagusi kazi nyingine. Simu ameishika kwa mikono miwili, na kila mlio wa honi barabarani unamshtua. Jioni inapokaribia, Yasser anapiga. "Tumevuka, fundi. Tuko Embu. Mama anataka chapati."

Celina anacheka, kisha anarudi kwenye gazeti. Anaonyesha bati: kona moja imekatwa mshazari. Ni fundi mmoja tu anayekata hivyo, ili ajue upande unaoelekea injini. Ni Riungu. Na Riungu amewazibia wengi.

Jumamosi atakwenda Nchiru na vipande hivi.

"Hiyo safari naiogopa kuliko Nithi," anasema. "Huyo ndiye alinifanya mtu. Nitamwambia, Mwalimu, wakumbuke wote uliowazibia, tuwaite, mimi nitafungua bure. Akinifukuza Jumamosi, nitarudi Jumatatu."