Zamu ya Kumuuguza Mama

Juzi tukiwa kwenye foleni ya duka la dawa Mtaa wa Msimbazi, mama mmoja mwenye bandeji mguuni alikuwa akiongea na bintiye aliyeko Marekani, sauti ya simu kaifungulia yote.

"Mama, nimehamia nyumba ya watu baki, tunaishi kama ndugu. Chungu kimoja. Kupika zamu, kufagia zamu, hata mmoja akiumwa tunamuuguza kwa zamu."

"Si wewe uliyekimbia Buguruni kwa sababu ya zamu ya kuosha choo?"

"Huku tofauti, mama. Tunapendana."

Muuza dawa aliyekuwa akikata vidonge akasimamisha mkasi wake. Mama akashika kaunta.

"Na mimi zamu yangu lini?"

Simu ikakatika. Akasema ni mtandao, na foleni nzima tukaitikia ni mtandao.

Kupendana na watu baki rahisi, wanangu. Hawajui ulivyokwepa ufagio kwenu.