Maboma Yaliyofutwa

Nimejifunza kuandika programu mwenyewe, na kila mstari huukagua mara tatu. Ile ya kuorodhesha ng'ombe wa chanjo ilinichosha, nikaiachia akili mnemba iimalizie. Kazi yake ilikuwa nadhifu kuliko yangu, nikaona aibu kuikagua. Kumbe ilidhani kila mfugaji ana boma moja, ikafuta mengine yote. Huku Hanang nani asiyelaza ng'ombe kwa rafiki?

Siku ya chanjo daktari wa mifugo alisoma orodha, na mzee mmoja akanigeukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wangu walioko kwa rafiki kule Hirbadaw umewachinja lini? Mbona hukuniita?"

Watu wakacheka. Dawa ilikuwa imeletwa kwa idadi ya orodha yangu, bila ziada. Baadaye niliirudia programu niliyoiandika mwenyewe kabla ya akili mnemba, ile inayogoma kwa kosa dogo, lakini ng'ombe wake walibaki bila chanjo.