Mkono Ulioita Gari

Nakuomba usiniweke katika kundi la wasimulizi wa majini. Nimefundisha fizikia na Kilatini seminarini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na masomo hayo humzoesha mtu kutosema asichoweza kukionyesha. Hili nitakalolieleza lilitokea mchana, jua likiwaka. Nilikuwa nimechoka, sikatai. Lakini uchovu hauwezi kuita gari la hospitali, na siku ile gari liliitwa, likaja.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya sabini, petroli ikiwa adimu. Katika zahanati moja ya misheni, upande wa Runzewe, niliombwa kuunda simu ya upepo, yaani redio ya kuzungumzia na hospitali kubwa, kwa vipuri vilivyoletwa sandukuni. Niliiunda. Kupokea ilipokea vizuri sana: Baba Kulwa, aliyeshika redio ya hospitali baada ya kustaafu posta, nilimsikia kana kwamba ameketi mbele yangu. Yeye hakunisikia hata kidogo.

Chombo kipya kikikataa kufanya kazi, kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja tu, pima, kisha ndipo uguse kingine. Nilipima betri ya lori. Ilikuwa na nguvu. Nikabadilisha fyuzi, nikabadilisha valvu, nikaushusha waya uliotandazwa juu ya miti na kuupandisha upya. Hata ile fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini niliimwagia maji, maana udongo mkavu haupitishi umeme sawasawa. Kila nilipobonyeza kitufe cha kusemea, mshale wa kipimo uliinuka, dalili kwamba nguvu inatoka. Na kila mara Baba Kulwa alirudia yale yale: "Zahanati, kama mpo, sisikii neno."

"Redio yako hii ni kama mke mwenza aliyenuna," alikuwa akiniambia Mama Yustina, muuguzi na mkunga wa pale. "Yote anayasikia, kujibu hajibu."

Siku ile hakutania. Kabula, mke wa mkulima wa pamba, alikuwa katika uchungu tangu jana yake, na mtoto alikuwa amekingama tumboni.

"Mwalimu, huyu ni wa kupasuliwa," Mama Yustina alisema akiwa mlangoni, mikono imelowa. "Gari lisipofika kabla ya giza nitawapoteza wote wawili. Na mtu wa baiskeli hawezi kufika kule leo."

Akarudi kwa mgonjwa, nami nikarudi mezani, sina tena kipuri cha kubadilisha.

Ndipo mtu aliposimama pale mlangoni. Hakubisha hodi. Alikuwa amejifunga gunia, magoti yamejaa udongo, na pembeni mwa mdomo alikuwa na pumba za mahindi zilizokauka. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila," salamu ya mchana. Hakuitikia. Wewe unayeijua nchi ile, umepata kumwona mtu mzima asiyeitikia salamu? Hata mgomvi wako huitikia kwanza, ndipo mgombane.

Aliketi juu ya sanduku la vipuri, akaitazama redio kwa muda mrefu, kisha akaanza kugonga ukingo wa meza kwa ukucha. Nilidhani ni mgonjwa wa akili. Lakini mapigo yale yalikuwa na mpango: mafupi, marefu, mafupi tena. Ilikuwa alfabeti ya nukta na vistari, ile waliyoitumia watu wa posta kupeleka telegramu, nami niliijua tangu uskauti wangu. Nikaanza kuunga herufi. Alikuwa akisema: *Sina ulimi.*

Akafungua kinywa nione. Nisamehe, hilo sitalieleza.

Niliogopa? Niamini, hata nafasi ya kuogopa sikuipata. Niliwaza jambo moja tu: mtu huyu hana sauti, na bado anazungumza. Na redio yangu je? Nguvu yake ilitoka. Kilichopungua ni sauti peke yake. Basi kosa lilikuwa katika sehemu ya kusemea, na sehemu hiyo tungeweza kuiacha kabisa. Nikang'oa nyaya mbili za kitufe, nikaanza kuzigusanisha na kuziachanisha, nukta na vistari, polepole. Mgeni alinyoosha mkono, akazichukua kutoka kwangu.

Mkono ule ulikwenda kwa kasi ambayo sijaiona tena. Niliambulia maneno machache: *mama, mtoto amekingama, gari, haraka.* Kisha spika ikakoroma.

"Nimepokea, zahanati. Gari linatoka sasa hivi." Baba Kulwa aliachia kitufe. Aliporudi, sauti yake ilikuwa nyingine. "Nani ameshika nyaya? Mkono huo naujua mimi."

Watu wa telegramu hutambuana kwa mkono kama sisi tunavyotambuana kwa sauti. Yupo anayevuta vistari, yupo anayekata nukta upesi. Mgeni aliposikia hayo aliinamia meza. Akazigusanisha tena nyaya, nami safari hii nilifuata kila herufi: *Nipo shambani kwa*

Akapumua. Katika simu ya upepo hakuna kusema pamoja: mmoja humaliza, ndipo mwenzake abonyeze. Baba Kulwa aliijua kanuni hiyo kuliko sisi sote, na furaha ikamshinda. Hakungoja. Aliita jina la mtu yule, akaliita tena na tena huku akilia: "Ndugu yangu! Si tulikuzika?"

Beseni lilianguka nyuma yangu.

"Mwalimu, mwambie anyamaze!" Mama Yustina alipiga kelele. "Asimwite! Huyo nilimfumba macho mimi mwenyewe, humu humu ndani!"

Kule kwetu husemwa kwamba msukule, mfu anayetumikishwa shambani na mchawi, akiitwa jina lake, anayemmiliki naye husikia. Mtu yule alizilaza nyaya mezani, moja kando ya nyingine, kama karani anayefunga ofisi, akainuka, akatoka. Nilimfuata hadi uani. Pamba ilikuwa changa, haifiki magotini, na uwanda wote ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu.

Gari lilifika kabla ya giza. Kabula alipasuliwa, akapona, na mwanawe akapona. Mumewe alitaka kumpa mtoto jina la yule aliyeita gari. Mama Yustina alikataa katakata. Mimi nililipata kosa la redio baadaye: unywele wa waya, kwenye sehemu ya kusemea, ambao rangi yake haikukwanguliwa kabla ya kulehemiwa. Kosa la kawaida kabisa.

Baba Kulwa aliacha kazi ya redio. Alizunguka mashamba ya wilaya ile akiulizia, hadi miguu ilipokataa. Lakini shambani kwa nani? Kila shamba ni la mtu. Nami hadi leo, matone ya mvua yakigonga bati, najikuta naunga herufi, na kila mara naishia pale pale, penye *kwa*.

Jina lake umeona sikulitaja. Nawe ukikutana na mtu wa namna hiyo, usikimbie, wala usimwite, hata kama ni ndugu uliyemlilia na kumfukia. Mwache kwanza amalize kusema.