Ukurasa wa Ngamia

Miaka ya hamsini, enzi za mkoloni, nilitolewa Lamu nikapelekwa Garissa kuwafundisha kusoma askari wa serikali, watu wazima wenye vilemba vyekundu na bunduki. Serikali, kwa hekima yake, ilinipa kitabu cha watoto chenye picha za wanyama. Wafugaji waliomtambua kila ngamia wao kwa nyayo tu walipaswa kuelezwa nami, mtu wa pwani niliyemwogopa hata beberu, kwamba huyu ni ng'ombe mmoja na hawa ni ng'ombe wawili.

Wengi walikuwa werevu. Walikikariri kitabu chote kama walivyozoea kukariri Kurani chuoni utotoni, wakakiimba huku wakitazama dirishani. Aliyesoma kweli alikuwa mmoja tu, mzee wa ndevu za hina, aliyeweka kidole chini ya kila neno na kutokwa jasho. Alitaka cheo cha koplo kabla hajastaafu, na pasipo kusoma hapakuwa na cheo.

Siku ya mtihani akaja mkaguzi wa Kizungu, mwenye kofia kubwa na Kiswahili kidogo. Askari wakapita mmoja mmoja. Kuna aliyesoma vizuri mno ameshika kitabu juu chini, akapongezwa kwa matamshi.

Mzee akafunguliwa ukurasa wa ngamia. Umeandikwa: Mama anakamua ngamia. Kidole kikatembea mpaka mwisho, kikarudi mwanzo. Kisha akaniinamia.

"Maalim, kwetu mwanamke hakamui ngamia. Hiyo kazi ya wanaume. Hii kitabu nasema uongo. Mimi bolisi, nisome uongo mbele ya watu?"

"Anasemaje?" mkaguzi akaniuliza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa mwalimu. Ningemwambia kwamba huyu ndiye pekee aliyeelewa alichokiona. Lakini kitabu kilikuwa cha serikali, mimi pia nilikuwa wa serikali, na waliobisha walihamishiwa Wajir, ndani zaidi jangwani.

"Ameshindwa, bwana," nikasema. Naona haya mpaka leo.

Mkaguzi akanisogezea daftari la matokeo, nikaandika maneno mawili mbele ya jina la mzee. Yeye akainama, akaweka kidole chini ya wino ambao haujakauka.

"Ha-jui ku-soma," akasoma polepole, bila kukosea.