Mtoto wa Mgomba Haoshwi Miguu

Gogo la mgomba halichomeki vizuri. Limejaa maji, kwa hiyo ukiliweka motoni linalia kwanza, linatoa povu, halafu linatoa moshi mzito wenye harufu ya uji uliochacha ukaungulia chini ya sufuria. Watu wengine wakikumbuka bonde letu chini ya Werugha wanataja umande wa asubuhi, kabichi na maziwa ya ng'ombe. Mimi nakumbuka moshi huo. Uliingia kwenye nywele, ukaingia kwenye sare ya shule, ukaingia mpaka kwenye kurasa za Biblia ya mama, na Jumapili akiifungua kanisani waliokaa karibu walisogea kando. Nakumbuka pia mtu aliyesimama ng'ambo ya mfereji akatucheka tukikohoa. Mtu huyo alikuwa mama mkubwa, mke wa kaka yake baba.

Nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akatuachia nyumba ya mabati, ngazi tatu za shamba lililochongwa mlimani na migomba ya kisukari aliyoipanda kwa mikono yake kabla sijazaliwa. Hatukuwa na karatasi ya shamba. Kwetu, mtu asiye na karatasi alionyesha miti. Ulichopanda kikasimama, hicho ndicho kilichokusemea mbele ya ukoo. Baada ya mazishi baba mkubwa alisimama mbele ya wazee akamwambia mama, "Shemeji, kaa. Migomba ya ndugu yangu ikiwa imesimama, shamba ni lako na watoto. Siku itakapokwisha migomba hiyo, tutaongea." Wazee waliitikia kwa kichwa. Hata mtoto kama mimi nilielewa kwamba neno "tutaongea" lilikuwa na meno.

Siku ya maombi ya kumaliza matanga, mama mkubwa alikuja na mtoto wa mgomba amefungwa kwenye gunia, mizizi yote ikiwa na udongo mweusi wa kwake. Hiyo ni desturi nzuri, sitaitukana. Nyumba iliyofiwa hupewa kitu cha kumea. Na kitu hicho hakioshwi. Wamama walisema, mtoto wa mgomba haoshwi miguu, ukimwosha atalilia kwao na hatashika. Kwa hiyo unampa pamoja na udongo wa nyumbani, naye anasahau kwamba amehama. Mama alimpanda katikati ya migomba ya baba, akamwagia maji, akashukuru Mungu kwamba kumbe ndugu wa mume wanampenda.

Yule mtoto wa mgomba ndiye aliyeanza kuugua. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri, lakini majani yake ya chini yakawa ya manjano kuanzia kando, yakavunjika shingoni, yakaning'inia kuzunguka shina kama sketi iliyochanika. Shina likapasuka karibu na ardhi. Wiki chache baadaye jirani zake wakafuata, mmoja mmoja, na mikungu iliyokuwa bado midogo ikakauka juu kwa juu. Mama aliongeza samadi. Akaongeza maji. Akafunga siku tatu na kuomba, akizunguka migomba na mafuta ya kupikia aliyoombewa na mchungaji. Migomba iliendelea kufa.

Mama mkubwa hakutupa tena hata "kwawuka", salamu yetu ya asubuhi. Shamba lake lilikuwa chini yetu, na maji ya mfereji yalipita kwetu kwanza ndipo yafike kwake, kwa hiyo alipata la kusema. Kisimani aliwaambia wenzake kwa sauti, mimi nikiwa nimeshika mtungi wangu, "Yule alimla mume, sasa anakula migomba yake. Akimaliza atateremka na maji aje kwangu." Wanawake wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Mghoi, mama yako alilala jana usiku, au alikuwa safarini na wachawi wenzake?" Mtungi niliujaza nusu nikakimbia. Nilimchukia kwa chuki ya mtoto, ile ambayo haina mlango wa nyuma.

Ni chuki hiyo iliyonifanya nimchunguze. Asubuhi moja nikienda kukata majani ya ng'ombe nilimwona ameinama kwenye migomba yake na kisu. Alikuwa anakata majani ya manjano, anayazika chini ya takataka, anasawazisha kwa mguu. Nilijibanza nikaangalia mpaka mwisho. Migomba yake iliyobaki na majani mabichi mawili matatu juu ilionekana mizima kwa mtu anayepita njiani. Nilimwambia mama. Aliendelea kupepeta maharagwe, lakini niliona ungo umesimama kidogo.

Bwana shamba alikuja na pikipiki, kijana mwembamba mwenye viatu vya mpira. Alikata kisiki kimoja akatuonyesha: ndani, mahali palipotakiwa kuwa peupe, palikuwa na mistari myekundu inayoelekea kahawia. Akasema ni mnyauko, ugonjwa wa kuvu inayokaa kwenye udongo na kupanda kwa mizizi. Hakuna dawa. Ng'oeni yote, katakateni, chomeni hapo hapo. Msitoe mtoto hata mmoja, msitoe udongo, osheni majembe. Kisukari msipande tena hapa, pandeni ndizi za kupika, hizo kuvu hii haiziwezi. Alisema haya kwa upole kisha akawasha pikipiki akaenda zake. Hakujua amemwambia mjane ang'oe shahidi wake wa pekee.

Siku ya tatu mama alienda mwenyewe kuwaita baba mkubwa, mama mkubwa na wazee wawili wa ukoo. Walikuja haraka, wakidhani wameitwa kuongea yale ya kuongea. Mama alishika panga akakata kisiki mbele yao, ule wekundu ukaonekana wazi.

Mama mkubwa akapiga makofi. "Mnaiona? Damu ya mume wake hiyo! Ardhi imeitapika!"

Mzee mmoja alirudi nyuma hatua moja. Mama hakupandisha sauti. Alimwambia mama mkubwa, "Sawa, Mama Mwakio. Sasa twende kwako tukakate mmoja, tujue hiyo nyingine ni damu ya nani."

"Kwangu hakuna kitu! Usiniletee uchawi wako shambani!"

"Kama hakuna kitu, unaogopa nini?" Baba mkubwa ndiye aliyeuliza, akimgeukia mke wake, na hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye alikuwa hajaambiwa.

Tuliteremka wote. Mama aliosha panga mferejini, akaliosha tena, akampa baba mkubwa mwenyewe akate. Kisiki cha kwanza kilikuwa na wekundu. Cha pili pia. Mimi, bila kutumwa, nilienda kwenye takataka nikafukua majani kwa mguu. Mama mkubwa alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mama akamwambia baba mkubwa, "Shemeji, ulisema migomba ikiisha shamba si langu. Yangu nang'oa kesho. Yako utang'oa lini? Maana kwa sheria hiyo, ukoo wote hatuna shamba."

Yule mzee aliyerudi nyuma alikohoa, akasema shamba ni la watoto wa marehemu, migomba au hakuna migomba, na twende nyumbani jua ni kali. Jioni hiyo mama alipanda masale mpakani, yale majani ambayo kwetu hakuna anayethubutu kuyang'oa, huku wazee wakiangalia. Asubuhi tukaanza kuchoma. Tulichoma kwa wiki nyingi, na mama mkubwa alisimama ng'ambo ya mfereji akatucheka tunavyokohoa, mpaka baba mkubwa alipomlazimisha kuwasha moto wake, naye akaanza kukohoa.

Niliacha shule nikiwa mdogo, nikairudia ukubwani, jioni, kwenye darasa la ngumbaru mjini Voi, baada ya kuwalisha watoto. Huko ndiko nilikosoma vizuri habari ya kuvu na mbegu zake ndogo kuliko vumbi. Niliinamisha kichwa kwenye dawati. Kumbe ule udongo mweusi wa kwenye gunia ndio uliotuletea ugonjwa. Mama mkubwa hakutulisha sumu kwa makusudi, alitupa kwa desturi, mikono miwili, na hakujua. Hilo nilimsamehe usiku uleule. Lililonishinda ni lile la kisu: alipojua, alificha yake na akambebesha mama jina la mchawi, na mama alizikwa jina hilo likiwa bado kwenye midomo ya watu wengine. Kila Jumapili nasema utusamehe makosa yetu kama nasi tunavyowasamehe, na kila Jumapili nikifika hapo sauti yangu inapungua.

Sasa shamba ni langu, na karatasi ninayo. Masale yamekuwa ukuta. Wanangu wamekua wakila ndizi za kupika za kwetu, lakini kisukari tunanunua Voi sokoni, kwa sababu bwana shamba wa siku hizi anasema kuvu ile inaweza kukaa ardhini miaka na miaka bila mgomba wowote, inangoja tu. Namwamini. Langoni nimeweka beseni la maji na sabuni na brashi. Mtu asiyesugua viatu haingii, awe mchungaji, awe nani. Miche ya ndizi za kupika ninayotoa naiosha mizizi mpaka iwe myeupe. Vijana wananiita Mama Beseni, na wazee wanasema nimeua desturi.

Mwezi uliopita mama mkubwa alikuja. Amezeeka, anatembea na fimbo, na migomba yake mipya ya kisukari, aliyoibeba kutoka kwa jamaa pamoja na udongo wake, imekufa tena. Nilisimama mlangoni sikusogea. Alisimama langoni. Aliliangalia beseni, akaniangalia mimi, akavua makubazi, akatumbukiza mguu wa kushoto, halafu wa kulia, akavisugua vidole kimoja kimoja. Hakunisalimu. Mimi pia sikumsalimu. Nilichagua mche wa ndizi za kupika ulio mnene kuliko yote, nikauosha mbele yake, nikampa kwa mikono miwili.