Mbegu Niliyoing'oa Macalder

Tulitoka Taita kwa sababu ya misumari. Mume wangu Mwakio ni fundi seremala, na mwaka ule wa pili wa Uhuru hapakuwa na mtu Wundanyi aliyekuwa akijenga. Misumari yake ilikaa kwenye debe mpaka ikashika kutu. Ndipo rafiki yake akamwandikia kwamba mgodi wa Macalder, upande wa pili kabisa wa Kenya, unataka maseremala kwa mwaka mmoja. Mimi ninayeandika ni mkewe, Mkamburi. Nilifika darasa la nne tu, kwa hiyo ninyi wa nyumbani mtakaosoma daftari hili mnivumilie. Nilichoona nimesema nimeona, na nilichoambiwa nimesema niliambiwa.

Asubuhi ya kuondoka mama alinipa kibuyu kidogo cha maharage, yale mekundu yenye mabaka meupe mnayoyajua. Mbegu hiyo aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake.

"Huko hatujui wanakula nini," akasema. "Angalau uwe na chungu kimoja cha kwenu."

Voi tukapanda gari la moshi. Nairobi tukabadilisha, na siku ya pili tukafika Kisumu, miguu imevimba. Sitaeleza njia yote, maana sehemu kubwa nililala na Mwakio ndiye aliyechungulia dirishani.

Kisumu tukaingia melini kwenda Homa Bay. Hapa nitasema kweli hata kama mtanicheka. Nilipoona maji hayana ng'ambo nilijua ni bahari, kama ile niliyoona Mombasa nikiwa mdogo. Abiria mmoja aliteka maji kwa kopo lenye kamba, nikamwomba, nikaonja nikiwa tayari kutema. Hayakuwa na chumvi. Nikaonja tena, nikidhani ulimi wangu ndio mbovu.

"Kunywa tu, mama," yule abiria akacheka. "Sisi tunakunywa tangu zamani na haijaisha."

Maji matamu kiasi kile, na kwetu tunapanga foleni kwenye mfereji!

Homa Bay ilitupokea kwa mlima wake wa Asego, umechongoka utadhani mtu amemimina nafaka akaacha lundo. Huko tulipanda basi. Rongo udongo ni mwekundu na miwa imesimama pande zote mbili. Migori tulishuka sokoni, nikasikia Kijaluo, Kikuria na Kiswahili vikipigania bei ya mbuzi mmoja. Kutoka hapo tulichukuliwa na lori la mgodi.

Macalder tulifika jua likielekea magharibi. Mtoni wanawake walikuwa wameinama, wanazungusha mchanga na maji ndani ya karai, polepole, kama anayepepeta mchele. Mmoja aliniita nitazame. Pembeni mwa karai palikuwa na chembe ndogo kuliko mbegu ya wimbi, inang'aa. Dhahabu. Ameinama tangu asubuhi kwa ajili ya hiyo, na aliifurahia kama aliyeokota mtoto. Nikaona haya kwamba nilikuwa nimelalamikia safari.

Nyumba za mgodi zilikuwa zimejaa, kwa hiyo tulipewa kibanda katika boma la mama mmoja mjane. Wote walimwita Dani, yaani nyanya. Mrefu, mwenye kiko, na mguu mmoja uliovimba hata hakuvaa kiatu. Kiswahili hakukijua sana. Mkwe wake, Min Akinyi, yaani mama Akinyi, mke wa mwanawe, ndiye alikuwa mdomo wake kwetu, na ulikuwa mdomo hasa.

"Wewe unatoka wapi?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Taita. Karibu na Voi."

"Basi wewe ni Nyar Voi. Binti wa Voi. Hapa mwanamke anaitwa na kwao. Mimi ni Nyar Sori, nimezaliwa huko kwa samaki. Ukisikia harufu, ndiyo mimi."

Alinifundisha kupika omena, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa juani, mpaka vikaacha uchungu. Mimi nilimfundisha kusuka ukindu. Jumamosi majirani Wasabato hawakugusa jembe, Jumapili Wakatoliki hawakuligusa, na mwanzoni niliandika humu kwamba watu wa hapa wanapumzika mno. Nimefuta. Niliwahesabu vizuri baadaye: kila mmoja alipumzika siku moja tu, kama sisi.

Mwezi wa tatu mvua ilikuja kutoka ziwani, nyeusi, na radi ambayo sijaisikia milimani kwetu. Ilipiga mpaka masufuria yakalia rafuni. Asubuhi ardhi ilikuwa laini, inatoa mvuke. Ninyi mnajua kwetu: tone la kwanza likianguka, mbegu iwe tayari iko chini. Dani alikuwa ametuonyesha kipande nyuma ya kibanda. Nikachukua kibuyu cha mama, nikapanda siku ile ile. Nilibakiza kiganja kimoja tu, kwa uoga wangu wa kawaida.

Siku tano zilipita. Wakwe wa Dani walikuwa wamelima, majembe yameegemezwa ukutani, na hakuna aliyepanda. Nikadhani ni uzembe. Nilimwambia Mwakio hivyo, na neno hilo siwezi kulifuta kwa sababu alilisikia. Siku ya sita maharage yangu yalichomoza, yameinamisha vichwa. Nikamwita Min Akinyi aje aone.

Alisimama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Nyar Voi, nani alikwambia panda?"

"Mvua."

"Mvua ndiyo mwenye boma?"

Akanieleza. Katika boma la Wajaluo mwenye boma ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini. Yeye kwanza, kisha wakwe kwa ukubwa wao, mkubwa mpaka mdogo. Anayeruka zamu huiletea nyumba msiba uitwao chira, nao huweza kumpata mtoto, ng'ombe, yeyote. Dani alikuwa hajaweza kutembea hadi shambani kwa sababu ya mguu. Ndiyo maana wote walikuwa wakimngoja, na mvua inapita. Mimi nimepanda kabla ya mama wa nyumba, mgongoni mwake.

Kama chira ipo au haipo, mimi si mtu wa kusema. Katekista wetu angesema haipo. Lakini niliwaona watoto wa Min Akinyi wakicheza uani, nikajua yeye anawatazama kwa jicho gani.

Jioni tuliitwa kwa Dani. Alizungumza kwa utulivu, kiko mkononi, na Min Akinyi akatafsiri.

"Anasema hivi. Mgeni hana kosa. Mgeni hajui, na mambo yetu hayamshiki. Kama ninyi ni wageni, acha maharage imee, mtakula, mtaenda kwenu salama. Hakuna mtu atasema neno."

Nikashusha pumzi.

"Lakini anasema, kama wewe ni mtu wa boma hii, basi umekosa, na utang'oa yote. Anasema uchague wewe. Yeye hatachagua."

Kibandani Mwakio alisema, "Tumeruhusiwa kuacha. Tuache. Ile ni mbegu ya mama yako." Na alikuwa na haki. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliona kitu kimoja wazi: kibuyuni kilikuwa kimebaki kiganja kimoja tu. Nilijua tu kwamba miezi mitatu nilikuwa nikiitwa binti, na kwamba kuanzia kesho ningeweza kusamehewa kama mpita njia.

Alfajiri nilienda peke yangu. Nilianza mwisho wa tuta ili nisibadili nia. Mche wa maharage hung'oka kirahisi, ndilo lililoniuma, haushiki hata kidogo. Nilipofika katikati nikaona mikono mingine upande wa pili wa tuta. Mwakio, na nguo zake za kazi. Tulikutana kwenye mche wa mwisho, akaniachia mimi.

Tulipoinua vichwa Dani alikuwa uani. Alikuwa ametutazama tangu lini sijui. Aliita kwa sauti, wakwe wakatoka mbio. Kwa mkono wa kulia alimshika Min Akinyi bega, na wa kushoto akaunyoosha kwangu. Tukaenda naye shambani hatua kwa hatua, akiguna kila mguu ulipogusa chini. Alipiga mashimo matano ya mtama, akafukia kwa kisigino kile kibovu, akacheka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema amechoka kungoja wewe uamke," akasema Min Akinyi.

Siku mbili zilizofuata walipanda wakwe, mkubwa hadi mdogo. Siku ya tatu Min Akinyi alinijia mlangoni. "Wewe ndiye wa mwisho, Nyar Voi. Mkwe mdogo. Leta ile kidogo uliyoficha." Nikapanda kile kiganja kimoja. Yalizaa, sitasema sana, lakini yalijaza kibuyu, na chungu kimoja tulikula sote. Dani alisema yanahitaji omena.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata kazi ya Mwakio ilikwisha. Dani alinipa mtama wake kwenye kitambaa, akakifunga mara tatu. Tukarudi njia ile ile, Migori, Homa Bay, meli, na kwenye meli nilionja maji tena ili niwe na hakika.

Nyumbani mlitusikiliza mkacheka sana habari za samaki. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha Wundanyi, na kila mtu akakimbilia shambani. Mama alipita na jembe lake, akanikuta nimesimama ukingoni, kibuyu na kitambaa mkononi.

"Wewe vipi? Huko umefundishwa uvivu?"

"Hapana, mama," nikasema. "Tangulia. Nakungoja."